Madema Kumi na Moja

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nikiletewa chai ambayo sikuiomba, kabla sijaonja hujiuliza ni ya nini. Mke wangu husema nilizaliwa hivi. Si kweli. Nilifundishwa, na aliyenifundisha ni Kaburu mmoja aliyekuwa na shamba njia ya kwenda Moiben, ambako baba yangu aliishi kama skwota, akimfanyia kazi ili aruhusiwe kukaa na kuchunga.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Jioni baba alisimama kwenye lango la boma akiwatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo alijua ni yupi: yule mweusi mwenye doa begani, au yule wa kijivu aliyezaa wakati wa mvua. Kutaja idadi yao kulikuwa kuwatakia mabaya. Nilikuwa bado mdogo siku Kaburu alipokuja na karani wake, wakasimama pale pale langoni na daftari. Baba akauliza kwa heshima kuna nini.

"Mimi taka jua tu," Kaburu akasema, na alikuwa anatabasamu.

Karani aliandika kwa penseli fupi, kila ng'ombe mstari. Baba hakuficha hata ndama mmoja, maana alidhani mtu anayetabasamu hana neno. Baada ya wiki chache tukaambiwa kwamba kila skwota atabaki na ng'ombe watano na wengine watoke shambani. Nilimwona baba akiwatenga asubuhi ile. Alikuwa akimshika mmoja pembe, anamwachilia, anamrudia tena. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Baadhi waliuzwa kwa bei ya kutupa, na wengine baba akawaswaga usiku na mchana hadi ukingoni mwa bonde, kwa rafiki yake, wakakaa huko kama ng'ombe wa rafiki.

Tangu siku hiyo "watano" ikawa nambari ya Kaburu. Baba aliitaja mbele yake tu, tena kwa Kiswahili. Kwa lugha yetu sikuwahi kumsikia akiitamka.

Nilipotoka jandoni, baba alinichukua tukatembea siku nzima hadi kwa yule rafiki. Hakueleza tunakwenda wapi. Tulipofika alininyooshea fimbo: huyu, na huyu, na yule aliyelala. Wa mwisho alikuwa mtamba wa rangi ya kahawia mwenye paji jeupe. "Huyo ni wako," akasema. Kisha akaniambia kwamba wanaojua habari ya ng'ombe hawa ni watu watatu, na wa tatu ni mimi. Nimepata vyeti kadhaa maishani mwangu lakini hakuna kilichonifanya nijione mtu mzima kama siku ile.

Basi ndivyo nilivyokuwa, kijana mwenye siri na mwenye kushuku, wakati mwalimu wetu wa jiografia alipotangaza safari. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Eldoret, na mwalimu alikuwa Mzungu kijana, miguu mirefu, kaptura imepigwa pasi ikasimama. Alisema wanafunzi kumi na wawili watakwenda pwani wakati wa likizo kusoma viumbe wa ufukoni na maisha ya wavuvi. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilijiuliza kwa nini sisi, kwa nini bure, na kwa nini wavuvi.

Tulipangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa mtoto wa karani wa reli, watu wao walitoka huko magharibi karibu na ziwa, naye alikula samaki toka alipoota meno. Mimi kwetu samaki tulimweka kundi moja na nyoka. Alinicheka tangu tulipopanda treni pale stesheni mpaka tuliposhuka.

"Wewe naogopa kitu imekufa tayari?" aliniuliza.

"Mimi siogopi. Mimi naangalia tu."

Mama alikuwa amenipa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha yanayotiwa vumbi la mkaa hadi yawe na rangi ya mawingu ya mvua. Nilikikumbatia njia nzima. Bahari nilipoiona sikuipenda. Maji yanaondoka bila kufukuzwa, yanarudi bila kuitwa, na watu wanajenga nyumba karibu nayo na kulala usingizi.

Tulipiga kambi katika shule ndogo ya kijiji kilichokuwa juu ya jabali. Siku mbili za kwanza zilikuwa za viumbe. Maji yakipwa tulitembea mwambani na fremu ya mbao ya pembe nne, tunaiweka chini, na kila kilichomo ndani tunakihesabu: konokono, kaa, matumbawe, majani. Hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Kaa hana boma. Nilijifunza kwamba kuna konokono wanaopanda mizizi ya mikoko maji yakija, wanashuka maji yakiondoka, na nikawaona wana akili kuliko wenzangu wengine.

Siku ya tatu mwalimu akagawa karatasi nyingine. Kila jozi ilipewa nyumba moja ya mvuvi. Tuandike watu ni wangapi, mitumbwi mingapi, nyavu ngapi, madema mangapi, na tuchore ramani ya mahali madema hayo yanapowekwa. Dema ni mtego wa kufumwa kwa fito, mkubwa kama kapu la kubebea kuku, unaozamishwa na mawe. Samaki akiingia hajui kutoka.

Niliinua mkono. "Mwalimu, hii karatasi itaenda wapi?"

"Haiendi mahali. Tunataka kujua tu."

Nilijua kabisa maneno yale. Lakini mwalimu alikuwa mwalimu wangu, alinipa alama nzuri, na karatasi haikuwa ya baba yangu. Shaka yangu ikaanza kutafuta mtu mwingine wa kumshika.

Ikamshika mzee wetu, mvuvi wa nyumba tuliyopewa. Alikuwa mwembamba, kofia imechakaa, mikono imejaa makovu ya fito. Tulimsalimu "Jambo, Mzee," akatutazama tu. Mkewe ndiye aliyetuokoa.

"Hapa watoto huanza na shikamoo, wanangu. Haya, karibuni. Mwatoka wapi?"

"Sisi natoka Eldoret, Mama," mwenzangu akasema. "Huko juu kwa baridi."

Nilimpa Mama kile kibuyu kama zawadi. Alikifungua, akanusa, akaona maziwa ya kijivu yenye vijidoa vyeusi, akakiweka chini polepole.

"Hii ni dawa ya nini, mwanangu?"

"Si dawa, Mama. Ni maziwa."

"Maziwa yana jivu?"

"Jivu ndiyo utamu yake."

Alimtazama mumewe, mumewe akatazama dari. Nilikunywa mimi kwanza mbele yao ili wajue si sumu. Hata hivyo kibuyu kilibaki kimefunikwa kwa kawa pembeni, mbali na chakula. Sikukasirika, kwa sababu Mama aliponiletea samaki wa kupaka nami nilisogeza sahani kwa kidole kimoja. Hakuniuliza sababu. Toka mchana ule alinichemshia mihogo yangu kando, kila siku, katika sufuria ambayo haikuwa na harufu ya samaki. Mwenzangu alikula samaki wake, na wangu, akalamba vidole.

"Mzee, uko na madema ngapi?" nilimuuliza, karatasi gotini.

"Manne."

Alijibu haraka mno. Mtu anayeulizwa kuhusu vitu vyake hufikiri kidogo, huhesabu kwa vidole. Huyu jibu lilikuwa limeshakaa mdomoni likisubiri swali. Niliandika manne, lakini kwa penseli, si kwa wino.

Kesho yake alituchukua kwenye mtumbwi wake kutuonyesha. Nilishika ubao kwa mikono miwili na kusali. Maji yalikuwa matulivu, yeye anasukuma kwa upondo, hana hofu yoyote. Nilitazama huku na huku nikitafuta boya la kuonyesha madema yalipo. Halikuwepo.

"Utajuaje mahali iko, Mzee?"

"Boya huita kila mtu," akasema. "Mimi naweka macho nchi kavu. Waona mnazi ule uliopinda? Mnazi huo ukisimama juu ya ukuta mweupe wa kisima, huo mstari mmoja. Sasa geuka. Lile jabali lenye pengo, na nyuma yake paa la msikiti. Paa likiingia katikati ya pengo, huo wa pili. Mistari ikikutana, tia ndoano chini."

Akatia ndoano, akavuta, na dema likapanda likitiririka maji, samaki wanarukaruka ndani. Akanionyesha mistari ya la pili, na ya la tatu. La nne aliniachia mimi. Nilimwambia asogee, asogee tena, arudi kidogo, simama hapo. Ndoano ilishika mara ya kwanza.

"Mbara huyu ana macho," akamwambia mwenzangu. "Haya ni macho ya kazi."

Ni macho ya kuchunga, nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa nimejaa furaha. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunifundisha kitu chake mwenyewe isipokuwa baba. Kama ningekuwa mtu mwema ningeishia hapo.

Asubuhi iliyofuata zamu yangu ilikuwa juu ya jabali, kuandika saa ambayo maji yanapwa. Nikamwona mzee akitoka peke yake. Alisimama kwenye lile la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kisha hakurudi. Akazunguka nyuma ya mwamba, akasimama. Akasogea, akasimama tena. Nikainuka. Kila aliposimama nilitafuta mistari kwa njia ile ile aliyonifundisha, mti na ukuta, jabali na paa, nikapaweka kwenye ramani kwa alama ya msalaba. La tano. La nane. Alipogeuza mtumbwi kurudi nilikuwa na misalaba kumi na mmoja.

Nilikasirika, na hasira ile ilikuwa tamu. Amenidanganya! Nimekaa kwake, nimekula mihogo ya mke wake, na bado amenidanganya usoni! Nilichukua wino nikalikata neno manne, nikaandika kumi na moja.

Mwenzangu alichungulia begani kwangu. "Si alisema ni nne?"

"Alisema. Mimi nimeona kumi na moja."

"Pengine ako na sababu yake."

"Sababu gani? Mtu safi haogopi kuhesabiwa."

Maneno hayo yalinitoka mimi, mtoto wa baba yangu, na sikushtuka. Mwenzangu, ambaye hakuwahi kumshuku mtu yeyote maishani mwake, aliguna tu akaenda kuoga. Jioni mwalimu alikusanya karatasi. Ramani yangu aliitazama kwa muda mrefu, akawaita wengine waione. Alisema hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa, kwamba mtafiti hatosheki na jibu la kuambiwa. Nilitembea kifua mbele.

Siku ya mwisho tulikwenda kuaga. Mama alinirudishia kibuyu changu. Alikuwa amekiosha, akakijaza tui la nazi lililotiwa sukari. Alisema maziwa aliyamaliza kidogo kidogo, anaonja na kungoja kama atakufa, na hakufa. Tukacheka wote. Mzee alikuwa amekaa kizingitini anafuma dema jipya, na sikujua nitazame wapi.

"Baba yako ana ng'ombe?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, Mzee. Nyumbani tuko na ng'ombe."

"Wangapi?"

"Watano."

Nilijibu hapo hapo. Sikuhesabu kwa vidole. Mzee aliacha kufuma, akanitazama, na uso wake ukafunguka kwa kicheko cha kimya ambacho sijakisahau.

"Watano," akasema. "Nami madema yangu manne. Mungu awazidishe wenu, mwanangu, na yangu."

Alinyoosha mkono nikaupokea. Alikuwa amejua toka siku ya kwanza kwamba mimi na yeye ni watu wa aina moja, ndiyo maana akanipa macho yake, na mimi nikayatumia kumwandika.

Nilikimbia hadi kambini. Mwalimu alikuwa anafunga sanduku la karatasi kwa kamba.

"Mwalimu, naomba karatasi yangu. Kuna makosa."

"Makosa gani?"

"Madema ni manne. Mimi nilihesabu vibaya."

Aliacha kamba. Tabasamu lake la siku zote likapungua. "Ulisema umeona kwa macho yako. Hukuona?"

Nikalinyooshea sanduku mkono.

"Wamekupa kitu?" akauliza, na akakitazama kibuyu kilichokuwa mkononi mwangu.

Hapo mimi ndiye niliyeshukiwa. Kama ningesema nimeona, karatasi ingebaki. Kama ningesema sikuona, ningekuwa mwongo aliyenunuliwa kwa tui la nazi. Nilisema niliona. Akafunga sanduku, akanipigapiga bega, akaniambia nisiwahurumie watu kiasi cha kuharibu kazi. Kwenye treni nilimpa mwenzangu lile tui akanywa lote.

Mpaka leo sijui kama karatasi ile ilimdhuru yule mzee. Labda haikusomwa na mtu. Labda afisa fulani aliifungua mezani siku moja akaona misalaba yangu. Nimewauliza watu wa pwani niliokutana nao baadaye, kwa kuzungukazunguka, nao wakanijibu kwa kuzungukazunguka.

Lakini ninajua mahali pamoja ilipofika. Siku ya wazazi, mwalimu aliipachika ramani yangu kwenye ukuta wa bwalo, katikati kabisa. Baba alikuja kwa miguu kutoka shambani, koti lake la kanisani, kofia mkononi. Hakujua kusoma. Alisimama mbele ya ramani akaitazama vile alivyokuwa akilitazama boma jioni.

"Alama hizi ni nini?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Mitego ya mzee mmoja. Ya samaki."

"Alikuonyesha?"

"Alinionyesha minne."

"Na hii mingine?"

"Niliiona mwenyewe. Alikuwa ameificha."

Baba alirudisha macho kwenye ramani. Nilitamani anigombeze. Nilianza kumweleza kwamba nilijaribu kuirudisha, lakini hapo hapo Kaburu wetu akatufikia. Alikuwa ameitwa kama mgeni wa heshima kwa sababu mbao za bwalo lile zilitoka kwake. Aliitazama ramani, mwalimu akimweleza kwa Kiingereza, naye akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamgeukia baba.

"Hii toto yako? Iko na macho kali sana. Kama maliza shule, mimi taka yeye. Yeye tashika daftari yangu ya ng'ombe."

"Ndiyo, Bwana," baba akasema.

Akavaa kofia yake, akaenda nyumbani kabla chai haijagawiwa.

Likizo iliyofuata niliteremka peke yangu hadi ukingoni mwa bonde kumwona mtamba wangu. Nilitembea siku nzima nikifikiria kama ameshapandwa. Rafiki wa baba alinipokea vizuri, akaniletea maziwa, akaniuliza habari za masomo. Niliangalia nyuma ya nyumba yake nikaona ng'ombe ambao siwajui.

"Wetu wako wapi?"

"Baba yako alikuja akawachukua."

"Akawapeleka wapi?"

"Hilo muulize yeye," akasema, na akainuka kwenda kutafuta mbuzi ambao hawakuwa wamepotea.

Nilifika nyumbani siku ya pili, jua limeinama. Baba alikuwa langoni pa boma. Nikasimama kando yake kama nilivyosimama tangu utoto.

"Baba, yule wangu mwenye paji jeupe yuko wapi?"

Aliendelea kuwatazama wakiingia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile aliyozungumza nayo na Kaburu.

"Sisi tuna ng'ombe watano," akasema, kwa lugha yetu. "Si unawaona?"

Nilisimama naye mpaka wa mwisho akaingia, kisha nikafunga lango.